Mama, Umeotea

Mkituona hapa Kitangari tukitembea
kwa kuruka mistari ya majivu uani,
msidhani tumerogwa.
Tumetoka mpirani.

Mpira wenyewe ule mkubwa, wa mataifa,
kule Dar, kwa hela ya korosho niliyoificha
ndani ya debe la mbaazi tangu mnada wa mwisho.
Twalibu aliiona. Mtoto wa miaka kumi
haoni daftari lake lililo mezani,
lakini noti ndani ya mbaazi anaiona.

Niliahidi nikiwa na furaha.
Mzazi, usiahidi ukiwa na furaha.
Lipa kwanza deni la maji.

Tulifika saa saba mchana,
mechi ni ya saa mbili usiku.
Mimi mtu wa Newala, nimelelewa na foleni ya bomba:
anayechelewa hukuta matope.
Mlinzi akafungua kikapu, akaona chupa ya chai,
mihogo ya kuchemsha, mfuko wa korosho.
"Mama, umeletea harusi?"
Chai ikabaki getini. Korosho zilipita
kwa njia ambayo sitaieleza hapa.

Huko juu tulikokaa, kwa tiketi ya uwezo wetu,
wachezaji walikuwa sisimizi waliovaa vizuri.
Nikashangilia dakika ishirini nzima
kwa sauti niliyorithi kwa marehemu mama,
ile ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya bonde,
mpaka Somoe akanivuta kanga:
"Mama, sisi ndio wale wa bluu."

Kando yangu baba mmoja, mgeni,
jezi yake ya wapinzani. Kiswahili hana,
na Kiarabu changu kinaishia kwenye dua.
Nikampa korosho. Akatafuna, akafumba macho.
Akatoa simu, akanionyesha wanawe watatu,
mmoja ana mkono wa plasta.
Tukasikitika pamoja, kwa vichwa tu,
huku chini timu zetu zikitiana ngwala.

Kisha Somoe akasema anataka kwenda.
Kwenda wapi, nikauliza, nami najua.
Wakati wa mapumziko mtoto hana haja.
Haja yake husubiri dakika ya themanini na tatu.
Twalibu tukamwacha amlinde yule baba.

Tuko kwenye foleni ya choo, wamebaki wawili mbele,
uwanja ukanyanyuka.
Ukuta ukatetemeka, maji ya ndoo yakacheza,
na mama mfagiaji, ufagio mkononi,
akanidaka mabega, tukarukaruka
kwenye sakafu yenye maji,
mfungaji hata hatumjui.

Bao lilikuwa hilo hilo moja usiku ule.
Mimi nililiona usoni kwa mfagia choo
na sitaki marudio.

Twalibu naye hakuliona.
Alikuwa anamtazama mtu wa kibendera,
yule anayekimbia jioni nzima pembeni,
mpira haugusi, pasi hapewi,
lakini akinyoosha mkono tu
watu elfu hamsini wanashika vichwa.
"Mama, mimi nitakuwa yule."
Kilomita zote zile. Mbaazi zote zile.

Sasa majivu ya jiko langu yamekuwa mistari
kutoka kwenye kinu mpaka banda la mbuzi,
na kibendera kimechanwa kwenye kanga yangu.
Ile mpya, ndiyo.
Kuku wote wameotea. Mbuzi ana kadi ya njano.

Jana jioni narudi na ndoo kichwani,
maji ya kununua, nimeyafuata mwenyewe,
kibendera kikapanda.
"Mama, umeotea."
"Niotee vipi, kwangu mwenyewe?"
Hakujibu. Wale hawajibu, niliwaona.
Mkono umenyooka, macho mbele,
kidevu cha baba yake kabisa.

Nikatazama chini.
Kweli, kisigino kilikuwa kimeshapita.
Nikarudi hatua moja, maji yakanichuruzika shingoni,
nikasimama nyuma ya majivu
kungoja filimbi.